Kabla Hujalipia Marathoni Ukiwa na Masomo na Kazi

Wewe unayefanya kazi mchana, unayesoma jioni mjini Nairobi, na umeshajiapia kukimbia kilomita 42.195 mwaka huu: usilipe bado. Kuna mambo ya kuweka sawa kwanza.

Raba. Zivae wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Za mitumba za soko la Gikomba huweza kung'aa juu ilhali soli imeshachoka, basi zikunje na uzibonyeze kabla ya kutoa pesa.

Njia. Saa kumi na moja alfajiri Nairobi ni giza mwaka mzima. Kimbia na wenzako, vaeni kitu kinachomulika, na ukiwa peke yako subiri kupambazuke. Msitu wa Karura una udongo laini unaohurumia magoti, ila langoni unalipa, kwa hiyo uweke kwenye bajeti.

Kasi. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi. Ratiba iliyoandikwa kwa mtu wa London usiifuate dakika kwa dakika.

Sasa kalenda, na hapa tulia. Nilikuwa mwaka wa tatu, mchana niko duka la vifaa vya ujenzi, jioni darasani. Mbio zilipangwa wiki tatu baada ya karatasi ya mwisho ya mtihani, nikafurahi: nitamaliza mtihani, nipumzike kidogo, nikimbie. Sikuhesabu kurudi nyuma. Ratiba nyingi za wiki 16 huweka mbio ndefu kuliko zote, kilomita 30 na kitu, wiki tatu hivi kabla ya siku yenyewe, kisha mazoezi yanapunguzwa. Maana yake wiki zangu nzito kabisa zilikalia wiki za mtihani. Kazini nako ulikuwa mwisho wa mwezi, tunahesabu misumari na mabati hadi saa tatu usiku. Nikawa napata saa nne tu za usingizi kwa usiku.

Muundi ulianza kuuma baada ya kukimbia. Baadaye ukauma nikikimbia, halafu hata nikishuka matatu. Nilinunua dawa ya maumivu kwa kemisti nikawa nameza kila asubuhi. Mama akaniuliza mbona nashuka ngazi kwa ubavu, nikamwambia ni uchovu tu. Jumapili, kilomita ya 19, mguu ukakataa. Jumatatu nikapigwa picha ya eksirei, haikuonyesha kitu, na Jumatano nikatoka tena kukimbia. Alhamisi sikuweza kusimama, na karatasi ya siku hiyo ikanipita. Picha ya pili, wiki mbili baadaye, ilionyesha ufa kwenye mfupa. Daktari alinieleza kwamba ufa mwembamba namna ile mara nyingi hauonekani mwanzoni. Huonekana mfupa ukishaanza kujiunga. Wenzangu walivaa joho mwaka huo. Mimi nilirudia karatasi moja mwaka uliofuata.

Kwa hiyo chukua karatasi. Andika tarehe ya mbio, hesabu wiki 16 kurudi nyuma, iliyo mbali zaidi na mbio iite wiki ya 1, kisha uzungushie duara wiki ya 10 hadi ya 13, ndizo nzito. Juu yake andika mitihani, kazi za kuwasilisha na siku za mwisho wa mwezi kazini. Vikigongana, kimbia kilomita 21 au ungoje mbio nyingine. Andika pia saa za kulala, na usizikate ili hesabu ikubali. Saa unazokaa kwenye foleni ya Ngong Road zihesabu pia, maana kusinzia ndani ya matatu si kulala.

Na maumivu yakiwa sehemu moja ya mfupa, unayoweza kuigusa kwa ncha ya kidole, simama siku hiyo hiyo. Usimeze dawa ili ukimbie. Dawa nyingi za namna hiyo, ukiwa umetoka jasho jingi, huweza kuumiza figo pia.

Mengine ni ya kawaida. Mwambie mkuu wako mapema, si wiki ya mbio. Kula kabla ya darasa la jioni, hata kama ni ndengu na chapati moja. Ukiwa unachoka bila sababu, hasa wewe dada unayepata hedhi nzito, pima kama una upungufu wa damu. Masika yakianza, epuka kingo za barabara zenye maji, huwezi kujua shimo liko wapi. Beba simu, na mtu mmoja nyumbani ajue umepita njia gani.