Kuukuza Upishi wa Bibi: Kutoka Sufuria ya Nyumbani hadi Chakula cha Sherehe

Chakula cha asili kinachopendwa katika familia mara nyingi hakijaandikwa popote. Kimo mikononi mwa bibi, shangazi au mama mkubwa, ambaye hutia chumvi kwa konzi, maji kwa jicho na viungo kwa harufu, na ambaye akiulizwa kipimo hujibu kwamba utaona mwenyewe. Kwa mlo wa watu 6, njia hiyo inatosha kabisa. Lakini sherehe inapokusanya watu 50, na mpishi ukawa ni wewe, inabidi upishi huo upimwe kwanza ndipo uzidishwe, na hata katika kuzidisha si kila kitu huongezeka kwa kiasi kimoja.

Wiki kadhaa kabla ya sherehe, keti jikoni na mzee anayekijua chakula hicho na umwombe apike kama apikavyo siku zote. Usimpe vijiko vya kupimia, kwa kuwa ukimlazimisha kupima, atapika chakula kingine. Weka bakuli la chumvi juu ya mizani ya jikoni, andika uzito wake, mwache achote kwa mkono wake, kisha andika uzito uliobaki. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo konzi yake. Fanya vivyo hivyo kwa unga, mafuta na hata maji, maana lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1 na mizani hiyohiyo inatosha. Andika pia dalili anazozifuata. Akisema kitunguu kimeiva, mwombe akuonyeshe, kwani kwa mpishi mmoja kimeiva kikishalainika tu, na kwa mwingine ni mpaka kiwe na rangi ya kahawia iliyokolea. Tofauti hiyo peke yake hubadilisha rangi na ladha ya mchuzi mzima.

Ukishapata vipimo, kadiria walaji. Kwa mlo mkuu, gramu 100 za mchele mkavu na gramu 200 hadi 250 za nyama yenye mifupa humtosha mtu mzima, na watoto wadogo wahesabiwe nusu. Vyakula vikiwa vingi mezani, punguza kila kimoja, kwa sababu watu huonja vyote na hawajazi sahani kwa chakula kimoja.

Sehemu inayowaponza wengi ni maji. Mchele wenyewe hunywa maji yanayokaribia ujazo wake, na yanayozidi hapo hupotea kwa mvuke. Sasa fikiria sufuria ambayo upana na kina chake vimeongezwa mara 2: ujazo wake unakuwa mara 8, lakini uso wa juu unaotoa mvuke umeongezeka mara 4 tu. Kila lita iliyomo ndani hupoteza mvuke mchache zaidi kuliko katika sufuria ya nyumbani, na ndiyo sababu mpishi aliyezidisha maji sawasawa na mchele huishia na wali bokoboko. Anza na takriban robo tatu ya maji uliyoyapata kwa kuzidisha, weka birika la maji yanayochemka kando, na uongeze kidogo kidogo kadiri unavyohitajika. Mchuzi nao hufuata kanuni hiyo: ukitaka uwe mzito kama wa nyumbani, maji yawe machache tangu mwanzo, kwa kuwa kungoja upungue motoni kutailainisha nyama mpaka ichambuke.

Vitunguu na nyama vina tabia inayofanana na hiyo. Kilo 5 za vitunguu zikimwagwa kwa pamoja katika mafuta, hutoa maji mengi kuliko moto unavyoweza kuyakausha, hivyo huchemka badala ya kukaangika, na ile rangi ya kahawia inayobeba ladha ya chakula hicho haipatikani hata ukikoroga saa nzima. Kaanga kwa mafungu, kila fungu lisizidi tabaka jembamba la kufunika kitako cha sufuria. Kazi hii ni ndefu na inachosha, lakini yafaa kuifanya siku moja kabla, kisha vitunguu vilivyokaangwa vihifadhiwe kwenye jokofu. Mimi naona hapa ndipo chakula cha sherehe kinapotofautiana na chakula cha wingi tu.

Chumvi, pilipili na viungo vya kusaga vianze na robo tatu ya hesabu, halafu viongezwe mwishoni baada ya kuonja, kwa kuwa kuongeza ni rahisi na kupunguza ni muhali. Mteue mtu mmoja tu wa kutia chumvi. Jambo hili huonekana dogo mpaka kila shangazi apite jikoni, aonje, na kuongeza kidogo kwa nia njema. Kwa vyakula vya unga unaoumuliwa, angalia wingi wa kinyunga: kinyunga kikubwa hutunza joto linalotokana na kuumuka kwake, hivyo huumuka upesi kuliko kidogo, na kisipogawanywa katika vyombo viwili au vitatu huweza kuchacha kabla hujaanza kukata madonge.

Muda nao hauzidishwi. Kipande cha nyama huiva kulingana na unene wake, si kulingana na idadi ya wenzake. Kinachorefuka ni muda wa sufuria kufikia kuchemka, ambao kwa lita 40 unaweza kupita saa nzima. Jaza sufuria theluthi mbili tu ili mwiko upate nafasi ya kupita. Tumia sufuria yenye kitako kinene, na chakula kikianza kushika chini, usikikwangue: kihamishie taratibu katika sufuria nyingine na uache ukoko mahali pake, la sivyo harufu ya kuungua itaenea kote. Kabla ya siku yenyewe, pika mara moja kwa watu 15 hivi, na umwite mzee yule aonje, kwa kuwa yeye ndiye atakayejua kilichopungua.

Sherehe huchelewa kuanza, na kuchelewa huko kuna madhara yake kwa chakula. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kipikwe mpaka kiini chake kifikie nyuzijoto 70 za Selsiasi, kisha kiwekwe juu ya nyuzi 60 mpaka kiliwe, na kisikae nje zaidi ya saa 2. Kipimajoto cha jikoni ni chombo kidogo, lakini katika siku kama hiyo kinafaa kuliko mizani. Kinachobaki kisiachwe ndani ya sufuria kubwa, kwa sababu katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi hata ikiwa juu kumepoa. Kigawe katika vyombo vipana visivyo na kina, kisha kiingie kwenye jokofu lenye baridi isiyozidi nyuzi 5. Wali ndio unaohitaji uangalifu kuliko vyote, kwa kuwa mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na sumu anayoweza kuitoa wali ukilala nje haiondoki kwa kupashwa moto. Wali uliolala mezani mpaka asubuhi utupwe, hata kama haujabadilika harufu.