Kufundisha batoto ba primeri kuunda vitu: anzeni na chukudu

Walimu wenzangu ba Goma, na bazazi pia, saa ya kazi za mikono tunaipoteza bure. Mwalimu anaonyesha kikapu, batoto bote banafanya kikapu ile ile, anatoa pointi, inaisha. Pale mutoto anajifunza kuiga tu. Kuunda inaanza na shida ya mutu fulani, kisha unachora, unatengeneza, unajaribu, na unarudilia. Ile kurudilia njo yenye maana kuliko yote, kwa hiyo muipangie wakati tangu mwanzo: kama muko na juma tatu, juma ya mwisho yote iwe ya kutengeneza mara ya pili.

Kwa klasi ya nne mpaka ya sita mimi nashauri chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, juu kila mutoto wa hapa anaijua, anaiona inashuka toka Kibumba na mashu na makala, na sanamu yake iko pale ku rompwe. Mbele ya kugusa katoni muite fundi mumoja aje na chukudu yake ku masomo, batoto bamuulize benyewe: mizigo inakaa wapi, juu ya nini magurudumu ya mbao inafunikwa na kaushu ya mipira ya zamani, unafreni na nini mu mushuko? Fundi ajibu, mwalimu anyamaze. (Kaushu inashika barabara na inalinda mbao isipasuke ku mawe, lakini kwa mutoto jibu ya fundi iko na uzito ingine.)

Kisha kila kundi ya batoto 4 ao 5 ipate kazi iliyo wazi: chukudu ndogo ibebe jiwe ya volkano ya ukubwa wa ngumi, ishuke ku ubao ulioinama, jiwe isianguke. Mawe tunayo ya kutosha hapa! Zingine ni katoni, vijiti vya brosheti, mirija ya Bic zilizoisha wino, fisele na kole. Bachore kwanza mu kaye, na vipimo. Chukudu ya magurudumu mawili bila mutu wa kuishika itaanguka, na hapo usikimbilie kutoa jibu, kundi moja itaongeza gurudumu ya tatu, ingine itafanya magurudumu manene, yote sawa.

Gurudumu njo inasumbua sana. Mutoto azungushe krayo kando ya kopo ya nyanya juu ya karatasi, akate, akunje mara mbili: pale mikunjo inakutana njo katikati. Aweke ile karatasi juu ya katoni atoboe pale pale, tundu ikikosa katikati chukudu inaruka-ruka. Katoni moja inalegea, babandike mbili ao tatu, mistari ya ndani ikipishana. Kijiti kinapita ndani ya murija wa Bic, murija njo unabandikwa chini ya chukudu, kijiti kinazunguka ndani yake pamoja na magurudumu. Batoto bengi banabandika kijiti chenyewe na kole, halafu haitembei. Baache bajaribu, batafute sababu, bachore tena.

Usukani ukilegea, babandikie kijiti cha kushikilia kwa upande, ifanye pembe tatu. Umbo ya pande nne inainama ukiisukuma, ya pande tatu inabaki pale. Baonyeshe mbao za paa ya nyumba, ni vile vile.

Wembe na kisu zinabaki kwa mwalimu. Kutoboa ni na musumari, katoni ikiwa juu ya meza, si mu kiganja. Na tafadhali, tusiache bavulana bakate kila siku na basichana bafagie, mubadilishe kazi kila saa. Wala usitume kazi hii nyumbani, baba atatengeneza yeye.

Klasi ya kwanza na ya pili inatosha karatasi moja kati ya vitabu viwili: ikunjweje ili ibebe kokoto mingi?

Pointi: nusu ya pointi zote mutoto apate akieleza nini haikutembea mara ya kwanza na alibadilisha nini, akionyesha michoro yote miwili mu kaye. Uzuri wa rangi upewe kidogo tu. Mukimaliza, vijiti na mirija zihifadhiwe kwa klasi inayofuata, na katoni ziwekwe juu mbali na sakafu, juu musimu wa mvua zinalowa haraka.