Namna ya Kupima Presha Nyumbani Wakati wa Baridi ya Moshi

Anayepima presha nyumbani Moshi asubuhi ya Julai hana budi kujua kwamba namba anayoiona inaeleza hali ya mishipa yake kwa dakika ile tu. Ukuta wa mshipa una misuli laini, na juu ya seli za misuli hiyo zimo protini ziitwazo vipokezi, zinazopokea ujumbe wa kemikali za mwili. Baridi au hasira huzifanya neva zimwage kemikali iitwayo noradrenalini, nayo ikishika kipokezi, protini ya G, mpeleka ujumbe aliye upande wa ndani wa seli, huamshwa, kalsiamu hutoka katika ghala zake, misuli hukaza na presha hupanda. Homoni ya angiotensini II hupita njia hiyo hiyo. Kazi ya kuizima protini ya G hufanywa na protini nyingine, RGS2, ambayo huongezewa nguvu na oksidi ya nitriki inayotengenezwa na utando wa ndani wa mshipa. Panya wasio na jeni ya RGS2 huwa na presha ya juu, jambo linalonithibitishia kwamba mshipa haulegei wenyewe, bali hulegezwa.

Basi ipe mishipa nafasi ya kulegezwa. Kahawa iache nusu saa kabla ya kupima, kwa sababu kafeini huvikalia vipokezi vya adenosini, kemikali ya mwili ambayo kwa kawaida hupanua mishipa mingi. Nenda haja ndogo, kisha keti dakika 5 katika chumba chenye joto, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kupishana, bila kuzungumza. Vua sweta, kwani mkanda wa kipimo hufungwa juu ya ngozi tupu, na mkono uulaze mezani usawa wa moyo. Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati, asubuhi kabla ya dawa na tena jioni, ukiandika kila namba.

Wastani wa wiki ukifika 135/85 au zaidi, peleka daftari kwa daktari. Ukiona 180/120 pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida au udhaifu wa upande mmoja, nenda hospitali mara moja.

Namba zikiwa nzuri, usiache dawa kwa uamuzi wako: dawa ya losatani hukizuia kipokezi cha angiotensini II, na amlodipini huziba milango ambayo kalsiamu huingilia katika seli, lakini kwa muda tu ambao dawa yenyewe imo mwilini.