Pentax K1000 na mikanda miwili inayotosha

Anayeanza kupiga picha kwa mkanda wa milimita 35 tunamshauri atafute Pentax K1000. Ilitengenezwa tangu 1976 hadi 1997, haina mambo mengi, na betri yake ndogo ya LR44 inalisha mita ya mwanga peke yake. Betri ikifa, kamera inaendelea kufyatua kwa kasi zote, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000. Canon AE-1 nayo ilitoka 1976 na ni kamera nzuri sana, lakini betri yake ya volti 6 ikiisha haifyatui hata picha moja. Nikon FM2 inazishinda zote mbili, inafika kasi ya 1/4000, ila bei yake si ya kujifunzia.

Zote hizi leo zinanunuliwa zikiwa zimetumika, kwa hiyo kagua kwanza. Chomoa lenzi, fungua mlango wa nyuma, elekeza kamera kwenye mwanga ufyatue kwa 1/1000: lazima mwanga umulike fremu nzima. Upande mmoja ukibaki mweusi, mapazia ya shata, yanayofungua na kufunga kupitisha mwanga, hayaendi sawa. Weka sekunde 1 usikilize. Ikisita au ikinata, mafuta yameganda ndani, na hiyo ni kazi ya fundi. Kisha gusa kwa ukucha sponji nyeusi ya mlango wa nyuma. Ikishika kama lami imeoza, na picha zitatoka na michirizi myekundu au ya rangi ya machungwa pale mwanga unapopenya. Hilo lisikukimbize: sponji kuukuu inakwanguliwa kwa kijiti chenye spiriti, inabandikwa mpya. La kukimbia ni kuvu kwenye lenzi. Mulika kwa tochi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, iache. Lenzi zilizokaa pwani muda mrefu ndani ya mfuko wa ngozi zichunguze mara mbili, maana ngozi hutunza unyevu.

Sasa kutia mkanda, na hapa usiwe na haraka. Ingia kivulini. Vuta juu kile kirungu cha kushoto mpaka mlango ufunguke, weka mkanda, kisha kirudishe chini. Vuta ulimi wa filamu hadi upande wa kulia, uchomeke kwenye upenyo wa roli, halafu sogeza kwa mkono wa kukoki, ule wa kuvuta filamu mbele, mpaka meno yaingie kwenye matundu ya filamu pande zote mbili, juu na chini. Meno yakishika upande mmoja tu, filamu itachomoka ukishafunga. Funga mlango, zungusha kirungu taratibu kufuata mshale mpaka kikaze, kisha koki na kufyatua mara mbili huku ukikitazama. Kikizunguka kinyume, filamu inatembea. Kikitulia tuli, fungua uanze upya, la sivyo utapiga picha 36 na mkanda utasafishwa mweupe pe. Mwishoni, mkono wa kukoki ukigoma usiulazimishe, filamu itang'oka kwenye mkebe wake. Bonyeza kitufe cha chini ya kamera, ndipo urudishe filamu kwa kirungu.

K1000 haina swichi ya kuzimia mita. Kifuniko cha lenzi ndiyo swichi yenyewe. Kisahau, na betri itakwisha kabatini.

Kwa rangi chukua Kodak Gold 200. Juani bila mita, weka tundu la lenzi f/16 na kasi ya 1/250. Mawingu yakitanda fungua hadi f/8. Filamu ya rangi ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua: ukipungua, vivuli hugeuka tope lenye chengachenga, kwa hiyo ukisitasita ongeza mwanga hatua moja, yaani mara mbili. Filamu ya Kodak Portra 400 ni laini zaidi kwenye ngozi na inafaa harusi, lakini ni ghali. Isubiri mpaka mkono uzoee.

Kuna mtego mmoja wa mita. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe, akisimama mbele ya ukuta wa chokaa, mita itasoma ule weupe na uso utatoka giza totoro. Sogea mpaka uso ujaze kioo cha kuchungulia, pima hapo, rudi nyuma upige kwa vipimo hivyohivyo bila kujali sindano ya mita inasemaje.

Kwa nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 Plus. Ni ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga), na usiku au ndani ya ukumbi unaweza kuweka kamera kwenye 1600, ila mkanda mzima uwe 1600, usichanganye. Andika namba hiyo kwenye mkebe kabla ya kuupeleka. Anayesafisha kwa dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, nyuzi 20 za Selsiasi, hutumia dakika 7 na nusu kwa 400 lakini 14 kwa 1600. Asipoambiwa, negativu zitatoka nyepesi na vivuli vyote vimepotea.