Kutafuta pete iliyopotea kwa ditekta: mwongozo kutoka mwambao wa Kigoma

Ukipigiwa simu kwamba pete imepotea, jambo la kwanza la kumwambia mwenye pete ni aache kila kitu kama kilivyo. Asichimbe, asifagie, asiite watoto wa mtaa waje kusaidia. Pete iliyolala juu ya mchanga huonekana kwa macho. Ikishakanyagwa na kundi la watu inazama, na aliyeiona wa kwanza huenda asiseme. Halafu aweke alama pale alipokuwa amesimama: jiwe, kandambili, kijiti, chochote kisichopeperuka.

Naandika kwa ajili ya wale wenye ditekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, hapa Kigoma ambao watu wameanza kuwatafuta: pete ya ndoa imeangukia ufukweni Kibirizi, nyingine imepotelea shambani, nyingine uani wakati wa kufua. Karibu kila mtu huanza kwa kuuliza mashine gani ni nzuri. Nitalijibu, lakini siyo kwanza, kwa sababu pete nyingi hupatikana kwa maneno ya aliyeipoteza. Mashine huja kumalizia kazi.

Hatua ya 1: Mhoji mwenye pete

Usimuulize "imepotelea wapi?" Angejua asingekuita. Muulize: mara ya mwisho kuiona au kuigusa pete kidoleni ilikuwa lini, akiwa wapi? Kisha: aligundua haipo akiwa wapi? Kati ya sehemu hizo mbili ndiyo eneo lako la kazi. Mara nyingi mtu hukuonyesha mahali alipogundua, akaapa kuwa ndipo ilipoanguka.

Uliza pia mikono ilikuwa na nini. Huku kwetu jibu huwa sabuni, dagaa au mawese. Mtu aliyekamua chikichi ana mafuta hadi kwenye kiwiko. Pete inateleza asubuhi na yeye anaikumbuka jioni. Kwa aliyekuwa ziwani, kumbuka kwamba maji, hata yakiwa ya uvuguvugu, ni baridi kuliko mwili. Kidole hunywea, na pete iliyokuwa ikibana nyumbani inakuwa huru.

Halafu nenda naye hadi pale, umwombe arudie alichokuwa akifanya. Kama alikuwa anafua, achutame na kukung'uta nguo. Kama alikuwa anambeba mtoto majini, asimame maji yanapofika usawa uleule: goti, kiuno au kifua. Mwili unakumbuka kuliko mdomo. Mtu aliyesema "nilikuwa hapa" ataanza kuogelea kwa ishara, kisha atanyoosha kidole upande mwingine kabisa.

Mwaka 1881 Rais wa Marekani James Garfield alipigwa risasi, na Alexander Graham Bell, yule wa simu, akaletwa na mashine aliyoiunda ili aitafute risasi mwilini. Hakuipata. Kitanda kilikuwa na springi za chuma zilizoivuruga mashine, na daktari alimruhusu kupima upande wa kulia tu, wakati risasi ilikuwa kushoto. Mashine haikuwa mbovu. Ilipelekwa mahali pasipo.

Kuna pete zisizoanguka bali zilirushwa. Wawili wamegombana, mmoja kaivua kairusha gizani. Usiulize ugomvi ulihusu nini. Mpe aliyerusha nati yenye uzito unaokaribia wa pete, uifunge kitambaa chekundu, asimame palepale airushe mara kadhaa kwa hasira ileile, kama bado anayo. Nati zitakapoangukia ndipo utakapoanzia. Watu hukadiria kwamba walirusha mbali sana, na kumbe pete iko hatua chache tu kutoka mlangoni.

Hatua ya 2: Jieleze kwa wenye eneo kabla hujawasha

Hii siyo hiari. Ukionekana na ditekta Kigoma, watu wawili watatu watajua kwa hakika kwamba unatafuta "mali ya Mjerumani". Hadithi hiyo ina mzizi wa kweli: mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamekatiwa njia ya kwao na vita, walipiga sarafu Tabora, zikiwemo za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Tangu hapo kila shimo refu linadhaniwa kuwa la rupia. Ukichimba kimyakimya utapata watazamaji, kisha washirika wa lazima, kisha polisi.

Kwa hiyo pita kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji ukiwa na mwenye pete mwenyewe, siyo peke yako. Mwaloni, ongea na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. "Shikamoo mzee, huyu dada kapoteza pete ya ndoa hapa jana, tunaomba nafasi ya kutafuta" inatosha kabisa, na mara nyingi mzee ndiye anayejua mchanga umesogea upande gani. Eneo la mtu binafsi, ruhusa ni ya mwenye eneo. Hifadhini Gombe usipeleke ditekta bila idhini ya hifadhi. Na pale Ujiji penye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley usithubutu: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kuvitafuta kunataka kibali.

Hatua ya 3: Mashine na vikorokoro

Ditekta ya kawaida inayotofautisha metali ndiyo inayofaa. Inatuma uga wa sumaku unaobadilikabadilika, metali iliyo chini inazaa mkondo mdogo wa umeme, na mashine inausoma mwitikio wake. Zile za wachimbaji wa dhahabu, zinazopiga mapigo, zinaingia chini zaidi lakini nyingi hazijui kutenga chuma vizuri. Ukizitumia mwaloni, ambako kila mtumbwi umeacha misumari, utachimba hadi uchoke kabla ya saa nne asubuhi.

Zile za antena mbili unazoshika mkononi zikakuelekeza dhahabu iliyo kilomita kadhaa, achana nazo. Hazigundui chochote. Hela hiyo nunua mbuzi.

Vingine: kipointa kidogo cha mkononi cha kuipata pete ndani ya shimo, chepe fupi, chekeche, kamba ya manila, vijiti, futi kamba na kiroba cha kuwekea udongo. Kwa majini, mwombe fundi wa kuchomelea akutengenezee koleo la matundu lenye mpini mrefu. Matundu yawe madogo kuliko pete ya mtoto. Hedifoni ni muhimu, kwa sababu mawimbi na muziki wa baa hufunika sauti ndogo.

Na vua vyako: simu, funguo, mkanda, buti zenye chuma puani.

Hatua ya 4: Azima pete ya mwenzake

Pete za ndoa kwa kawaida huja mbili, na watu wengi hawalitumii jambo hilo. Mwombe mume au mke aliyebaki na yake aivue, uiweke chini pale pale, upitishe koili, ile sahani ya chini ya mashine, juu yake. Andika namba inayosomeka na usikilize mlio. Ya mwenzake ikiwa nyembamba au nene zaidi namba itahama kidogo, lakini sasa unajua jirani inakokaa.

Usipokuwa na pete ya kupimia, kumbuka hivi: pete ya fedha husoma juu, ya dhahabu husoma chini hadi katikati, na nyembamba hushuka zaidi. Hapo ndipo penye tabu, maana karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na vipande vya alumini vinasoma palepale. Pete iliyokatika, ambayo duara lake halijafunga, inatoa mlio dhaifu mno. Kwa hiyo uliza: ilikuwa nzima? Iliwahi kuongezwa au kupunguzwa kwa sonara? Na ni dhahabu kweli? Uliza kwa upole, wakati mwingine jibu analijua mmoja tu kati yao.

Kabla ya kuanza, isawazishe mashine na udongo: tafuta kipande kisicho na metali, inua na kushusha koili hadi itulie. Udongo wetu mwekundu wa mlimani una chuma kingi na huifanya mashine ilalamike. Ikizidi, punguza nguvu. Mashine tulivu inayoona sentimita 15 ni bora kuliko inayopiga kelele ikijidai kuona 30.

Hatua ya 5: Piga mistari

Funga kamba uigawe sehemu kwenye vijia vya upana wa mita moja. Tembea polepole, koili iwe sambamba na ardhi na karibu nayo kabisa. Watu wengi huinua koili mwisho wa kila mzunguko kama wanafyeka majani. Pale ilipoinuka hakujatafutwa. Kila mpito ufunike nusu ya mpito uliotangulia.

Ukimaliza, geuza kamba upite eneo lilelile kwa kukata mistari ya kwanza. Pete iliyosimama kwa ubavu haisikiki vizuri kutoka upande mmoja, na kutoka upande wa pili inaweza kuita vizuri tu.

Hatua ya 6: Chimba

Chuma kizito kiache: misumari, ndoano, vipande vya mabati. Visoda ni wajanja zaidi, huiga mlio mzuri. Inua koili taratibu, au upitishe ukingo wake tu juu ya lengo, yaani pale panapolia, mara nyingi kisoda kitaanza kukwaruza. Lakini kila mlio wa kati unaojirudia ukipita kutoka pande zote mbili, chimba. Hata kama umeshatoa karatasi za sigara za kutosha kujaza mfuko. Anayeruka milio ya kati kwa kuchoka anaruka dhahabu.

Bustanini kata udongo kwa umbo la kiatu cha farasi, ufunue kama mfuniko, taka za shimo uziweke kwenye kiroba, kisha rudisha na kukanyaga. Usichome chepe katikati ya lengo. Pete yenye mkwaruzo wa chepe utaelezea hadi lini?

Hatua ya 7: Ukiingia majini

Tanganyika ni ziwa la maji baridi, na hilo ni bahati yetu. Wenzetu wa Dar es Salaam na Tanga wanapambana na chumvi ya bahari inayopitisha umeme na kuitia wazimu mashine ya kawaida. Hapa ditekta ileile ya nchi kavu inafanya kazi, mradi uhakikishe kinachoweza kulowa ni koili tu au mashine nzima. Nyingi ni koili tu.

Lakini ziwa hili kina chake kinafika karibu mita 1,470, na sehemu nyingi za Kigoma mchanga unakatika ghafla. Usipite kiuno, usiende peke yako, na uwaulize wavuvi kuhusu mamba na viboko kabla ya kuvua viatu. Kwenye maji yaliyotulia yenye majani kuna konokono wanaoeneza kichocho. Vaa viatu virefu vya mpira, na kama hii ndiyo kazi yako ya kila mara, nenda hospitali ukapime.

Pete ndani ya mchanga wenye mawimbi haikai juu. Dhahabu ya karati 18 ina uzito wa zaidi ya mara 15 ya maji, mchanga haufiki hata mara 3, kwa hiyo kila wimbi linaipeleka chini hadi ikutane na changarawe au mwamba. Ndiyo maana ni vizuri kuwahi siku ileile au kesho yake, mapema asubuhi kabla upepo haujaamka. Ukisikia mlio, simamisha mguu pembeni yake kama alama, chota nyuma ya mguu, pima tena. Mlio ukitoweka, pete iko kwenye koleo. Tikisa ndani ya maji, usiinue haraka.

Hatua ya 8: Malipo na makabidhiano

Kubalianeni kabla ya kuanza. Mimi hudai nauli na mafuta iwe imepatikana au haikupatikana, na shukrani namwachia mwenyewe. Usipange bei kwa thamani ya pete. Ukifanya hivyo kila mtu atakuambia ni ya shaba.

Usimwonyeshe mtu yeyote pete kabla mwenyewe hajaieleza: maandishi ya ndani, jiwe, mkwaruzo. Ukikuta pete nyingine isiyo yake, ipige picha na uipeleke kwa mwenyekiti au polisi mbele ya shahidi. Na usipige picha sura za watu na kuzirusha mtandaoni bila ruhusa. Wapo waliopoteza pete na mwenzao mpaka leo hajui.

Usipoipata

Piga picha ya eneo, chora ramani ya vijia ulivyomaliza, na upime umbali kutoka kwenye vitu visivyohama: mwamba, mwembe, nguzo ya umeme. Usipime kutoka ukingo wa maji, maana ziwa hujaa hadi mwezi wa nne na wa tano, kisha hushuka hadi kwenye mwezi wa kumi. Pale ulipoishia ukiwa na maji ya kiuno huenda ukaja kupapata kwa maji ya goti. Mpe mwenye pete nakala ya ramani, na mpange tarehe ya kurudi mwishoni mwa kiangazi.