Siku mbili kando ya Devils Lake: somo kwa familia inayokwenda mara ya kwanza

Usiku wetu wa kwanza kando ya ziwa la Devils Lake, huku Marekani, turubai letu liliondoka saa nane usiku. Sisemi lilianguka. Liliondoka, likaruka juu ya gari la jirani, na asubuhi tukalikuta limenasa kwenye vichaka. Tulikuwa watu wazima wanne, wawili wa Kigoma na wawili wa Uvira, na njia nzima kutoka Fargo kila mmoja alikuwa akitamba kwamba watu wa Ziwa Tanganyika hawafundishwi ziwa. Somo hili limetokana na aibu ile, pamoja na safari nyingine tulizofanya baadaye.

Tuanze na ziwa lenyewe, maana bila kulijua utajiandaa vibaya. Devils Lake lipo kaskazini mwa Dakota ya Kaskazini, kwenye mbuga za nyasi ambako barafu kubwa ya zamani ilikwangua ardhi na kuacha maelfu ya mabwawa na vidimbwi. Maji yake hayana njia ya kawaida ya kutoka. Tanganyika hupumulia mto Lukuga, lakini hili kwa asili hupokea tu. Mvua zikizidi, linapanda, na tangu 1993 hadi 2011 lilipanda zaidi ya mita 9. Lilimeza mashamba, barabara na misitu, na ndiyo maana utaona miti mikavu imesimama majini kama nguzo za umeme zilizosahaulika. Aliyeona Gatumba kule Burundi au Uvira maji yalipopanda miaka hii ya karibuni hahitaji kuelezwa zaidi.

Kina chake hakifiki mita 20. Usidharau. Ziwa la kina kifupi kwenye nchi tambarare, isiyo na mlima wa kuzuia chochote, upepo hulichafua kwa dakika chache, na mawimbi yake ni mafupi, yanafuatana bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi. Mwenye nyumba pale ni upepo, na kila hatua hapa chini inampigia hodi.

Hatua ya 1: Chagua wakati, kisha weka nafasi.
Juni hadi mwanzo wa Septemba ndio msimu. Mimi napenda Juni, ingawa ndio mwezi wa kupe na mbu, kwa sababu nyasi ni mbichi, ndege wana vifaranga, na jua huzama karibu saa tatu na dakika arobaini usiku. Ndiyo, saa tatu usiku na watoto bado wanacheza mpira juani. Mwisho wa Julai na Agosti maji ni ya joto zaidi, lakini ndipo mwani wenye sumu unapoweza kutokea (soma hatua ya 5).

Hifadhi ninayoizungumzia ni Grahams Island State Park, kisiwa kinachofikiwa kwa barabara iliyojengwa juu ya tuta, yapata maili 15 kusini-magharibi mwa mji wa Devils Lake. Kuna viwanja vya hema, vibanda vya mbao na sehemu ya kushushia boti. Weka nafasi mapema kwenye tovuti ya hifadhi za jimbo, hasa kwa wikendi za sikukuu. Gari nalo hulipiwa kuingia. Ukikusudia kwenda zaidi ya mara chache kwa mwaka, nunua kibali cha mwaka mzima.

Hatua ya 2: Njia.
Kutoka Fargo, barabara kuu ya I-29 kaskazini hadi Grand Forks, halafu barabara namba 2 magharibi hadi mjini Devils Lake. Jumla ni kama maili 170. Jaza mafuta na ununue barafu mjini, kabla ya kugeuka kuelekea kisiwani.

Hatua ya 3: Hema.
Hapa nitakaa kidogo.

Vigingi vyembamba vinavyouzwa pamoja na hema havifai. Nunua vya chuma, virefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na uvigongee kwa nyundo, vikiinamia upande usio wa hema. Mlango usielekee unakotoka upepo. Ukiweza, panga nyuma ya mstari wa miti iliyo hai. Miti iliyokufa ikwepe, kwani matawi huanguka bila taarifa. Kamba zote zifungwe hata kama jioni ni shwari, kwa sababu jioni ya mbuga hudanganya. Kivuli cha turubai kishushwe kabla ya kulala. Tena narudia: kishushwe.

Kabla ya kulala, angalia utabiri wa ofisi ya taifa ya hali ya hewa na uache simu ikiwa na sauti. Ukisikia radi, hema si nyumba. Ingieni garini, mfunge vioo, mkae humo hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Watoto watalalamika. Wape karanga.

Hatua ya 4: Leseni ya kuvua, kabla ya kutupa ndoano.
Kuanzia miaka 16, mkazi wa jimbo anahitaji leseni. Inanunuliwa mtandaoni kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, na mwaka wake huanza Aprili 1, si Januari. Ndugu zetu wa Moorhead, sikilizeni: ninyi mmevuka mto tu, lakini kisheria ni wakazi wa Minnesota, kwa hiyo mnanunua ya mgeni, na bei yake ni kubwa zaidi. Mwenzetu mmoja alidhani ukisali kanisa la Fargo umekuwa wa Fargo. Askari wa wanyamapori hakukubaliana naye.

Samaki wanaosakwa ni watatu. Perchi, wa manjano mwenye mistari, mdogo na mtamu. (Sangara wa Victoria ana jina linalofanana na lake kwa Kiingereza, lakini si jamii moja.) Wolai, mwenye macho meupe yanayong'aa gizani, anayependa kula alfajiri na magharibi. Na paiki, mrefu, mwenye meno. Usimtoe ndoano kwa vidole vitupu. Idadi unayoruhusiwa kwa siku ina kikomo kwa kila aina, na imeandikwa kwenye mwongozo wa mwaka husika. Usome huo, usimsikilize shemeji.

Wolai hupenda kujificha kwenye ile misitu iliyozama. Huko ndiko wanakopatikana, na huko ndiko ndoano zinakobaki. Chukua za kutosha. Mwenye boti aende polepole, kwani chini kuna visiki na hata barabara za zamani. Mtoto wa miaka 10 au chini yake lazima avae jaketi okozi akiwa kwenye boti ndogo. Hiyo ni sheria. Wakubwa nao wavae. Hiyo ni akili. Ukiitoa boti majini, fungua kizibo chake, mwaga maji yote na toa kila jani la majini, ili usibebe kome wageni kwenda ziwa lingine.

Hatua ya 5: Kuogelea.
Usitegemee kuna mlinzi wa waogeleaji. Mtu mzima mmoja awe na kazi ya kutazama maji tu, bila simu, na mbadilishane. Maji yakiwa ya kijani kama rangi iliyomwagika, au yana utando na harufu mbaya, hakuna kuingia. Mwani huo una sumu na umewahi kuua mbwa. Chemsha utakavyochemsha, sumu haiondoki.

Hatua ya 6: Tembea, tazama, usiguse.
Ndege waitwao mwari, wale weupe, utawaona wakiogelea kwa kundi, wakiwasukumia samaki mahali pa kina kifupi kama wavuvi wanaovuta kokoro. Ukibahatika mwanzoni mwa msimu utaona ndege wa majini waitwao vibisi, wawili, wakisimama wima na kukimbia juu ya maji bega kwa bega. Ni dume na jike wanachumbiana. Mimi niliona mara moja, kwa sekunde chache, na bado nalisimulia.

Kwenye vichaka kuna mmea wa majani matatu matatu unaowasha ngozi vibaya. Waambie watoto ni upupu wa Marekani, wataelewa. Kuni nunua pale pale. Usizibebe kutoka mjini, kwani ndani yake husafiri wadudu wanaoua miti.

Siku ya pili, zungukeni hadi ufuko wa kusini kwenye White Horse Hill, hifadhi ya nyati wa Amerika. Ipo ndani ya ardhi ya Spirit Lake, ya Wadakota, kabila la wenyeji wa asili. Zamani iliitwa Sullys Hill, jina la jenerali aliyewashambulia wenyeji wa nchi hii, na likabadilishwa kwa sheria ya 2019. Kuna njia ya gari ya kuzunguka. Kaeni ndani ya gari. Nyati yule anaonekana mzito na mvivu, lakini farasi ana kazi kumshinda mbio.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

*Mama wa Grand Forks:* Mchungaji wetu anasema jina la ziwa si zuri, tusipeleke vijana kwa Ibilisi. Nimjibu nini?

Shikamoo mama. Mwambie mchungaji kwa heshima kwamba jina hilo ni kosa la wafasiri. Wadakota waliliita Mni Wakan, maana yake maji matakatifu. Wazungu walipofika wakalitafsiri walivyotaka. Mji wa Minnewaukan, magharibi mwa ziwa, bado umebeba jina lenyewe. Mwalike aje pia. Wachungaji wengi ni wavuvi wazuri.

*Baba kijacho, Fargo:* Mke wangu ana mimba ya miezi mitano na anatamani samaki wa ziwa. Ale?

Hongereni. Ale, lakini achague. Samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama wolai na paiki wakubwa, hukusanya zebaki mwilini, na zebaki si nzuri kwa mtoto aliye tumboni wala kwa watoto wadogo. Perchi wadogo ni afadhali. Idara ya afya ya jimbo ina mwongozo wa mara ngapi kwa mwezi na ukubwa gani. Mpelekee mkunga au daktari wake auangalie pamoja nanyi.

*Kijana wa Fargo:* Sina gari. Treni inafika?

Treni ya Empire Builder inasimama Fargo, Grand Forks na Devils Lake mjini, ila inapita usiku na alfajiri. Na ukishuka bado una maili 15 hadi kisiwani. Kaka, changia mafuta na wenye gari.

*Mama wa watoto wanne, Moorhead:* Nilimkuta kupe kichwani kwa mwanangu tukiwa tumesharudi. Nilimpaka mafuta ya taa atoke. Nimekosea?

Umekosea kidogo dada, nami nilifanya hivyo hivyo nilipoanza. Usipake mafuta wala kumchoma. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, uvute polepole kwenda juu bila kumsokota, kisha osha kwa sabuni. Andika tarehe. Mtoto akipata homa au upele ndani ya wiki chache, mpeleke hospitali na uwaambie kuhusu kupe. Kwa safari ijayo, suruali ndefu ndani ya soksi, na wakaguliwe kila jioni: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni. Mbu wa huku hawana malaria, lakini wapo wenye virusi vya West Nile, kwa hiyo dawa ya kujipaka ni muhimu.

*Mzee wa Uvira, sasa yupo Grand Forks:* Vijana wananiambia wakati wa baridi watu huendesha magari juu ya ziwa. Wananitania?

Hawakutanii, mzee wangu. Wanatoboa tundu kwenye barafu, wanashusha mshipi, na wengine wanakaa kwenye vibanda vyenye majiko. Kwa kutembea kwa miguu inashauriwa barafu iwe na unene wa sentimita 10 angalau, iliyo ngumu na safi. Gari linahitaji unene mkubwa zaidi. Barafu hailingani ziwa zima, hasa karibu na miti na chini ya madaraja, kwa hiyo hata wenyeji hupima kwa kutoboa kila wanaposogea. Ukitaka kwenda, nenda na mtu aliyezoea, na gari liache ufukoni mwaka wa kwanza.

*Dada wa Fargo:* Ugali mnapikaje kwenye upepo huo?

Kwa kuni haupikiki, moto unalala upande mmoja na sufuria inaiva nusu. Tunatumia jiko dogo la gesi lililowekwa chini, upande wa gari usio na upepo, na mtu mmoja anashikilia sufuria kwa miguu miwili iliyovaa viatu vya zamani. Unga upimwe nyumbani na ufungwe kwenye mifuko. Ukiufungua mfuko nje, geuka uupe upepo mgongo kwanza.