Kupiga "House of the Rising Sun" kwa gitaa kavu: kisiki ni F

Nimetoka kumfundisha mpwa wangu wimbo huu, na karibu muda wote ulikwenda kwenye kodi moja (chord, yaani mkao wa vidole kwenye nyuzi). Ni wimbo wa kimapokeo wa Marekani, mtunzi hajulikani. Clarence Ashley na Gwen Foster waliurekodi 1933, The Animals wakausambaza dunia nzima 1964. Hao wa 1964 wasikilize, ila gitaa lao ni la umeme, usihangaike kuliiga.

1. Tuni gitaa.

2. Shika mzunguko: Am C D F, Am C E E, Am C D F, Am E Am E. Kila kodi ni hesabu sita.

3. Piki (kile kijiplastiki cha kupigia nyuzi) weka mfukoni. Kwa wimbo huu vidole ni vitamu zaidi. Dole gumba lipige besi (uzi wa 5 kwa Am na C, wa 4 kwa D na F, wa 6 kwa E; wa 1 ndio mwembamba kuliko wote, wa 6 ndio mnene), kisha dona wa 3, 2, 1, 2, 3.

4. F. Hapa ndipo magitaa mengi yanapotundikwa ukutani. Achana na ile F ya kubana nyuzi zote sita; besi yako inaanzia uzi wa 4, hizo nyingine za nini? Kidole cha shahada kibane uzi wa 1 na wa 2 freti ya kwanza (freti ni nafasi kati ya vyuma vya shingoni, zinahesabiwa kuanzia kichwani), cha kati uzi wa 3 freti ya pili, cha pete uzi wa 4 freti ya tatu. Cha shahada kilaze kwa ubavu, maana tumboni ni laini na nyuzi zinazama. Kiwiko kishuke karibu na mbavu. Uzi wa 1 ukitoa "tup", usikaze mkono. Sogeza kidole kiguse chuma cha freti.

Bado? Jaribu umbo hilohilo freti ya tano. Likilia vizuri kule, mkono wako hauna kasoro: magitaa ya bei ya chini mara nyingi nyuzi zimeinuka mno karibu na kichwa. Funga kepo (kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni) freti ya pili uendelee, au mpelekee fundi azishushe.

Kutoka D kwenda F, kidole cha pete hakihami freti, kinaruka tu kutoka uzi wa 2 hadi wa 4. Kitangulie hicho, kwa kuwa besi ndiyo inayopigwa kwanza. Vingine vina nafasi ya kufika.

5. Imba. Sauti ikigoma, pandisha kepo, kodi ni zilezile.